Upande wa Kushoto wa Amplifaya

Amplifaya yangu ya gitaa ni Fender Deluxe Reverb ya miaka ya 1970, ile yenye uso wa rangi ya fedha na maandishi ya buluu. Si kubwa: wati 22, spika moja ya inchi 12, na nyuma valvu mbili za 6V6 (mirija ya kioo ya kukuza sauti) zinazobeba kazi yote ya kusukuma spika. Ilifika Moshi na familia ya wamisionari Wamarekani. Walipoondoka wakaiachia kwaya, na kwaya iliponunua mitambo mipya mikubwa, mimi nikaichukua kwa kulipa kidogo kidogo. Nilikuwa nimeipigia kanisani tangu ujana wangu, kwa hiyo siku nilipoipakia kwenye bajaji kuipeleka nyumbani Pasua niliamini naifahamu nje ndani.

Kwenye paneli ya mbele kuna alama nyekundu za rangi ya kucha. Aliyezipaka ni mpiga solo aliyenitangulia kwenye kwaya. Sijui alimwomba nani hiyo rangi, na mkewe hajawahi kukiri. Volyumu kati ya 3 na 4. Trebo (sauti za juu) kwenye 7, besi (za chini) kwenye 3, rivebu (mwangwi) kwenye 4. Alama zote ziko upande wa kulia, kwenye chaneli (njia ya kuingizia gitaa) iliyoandikwa Vibrato, maana rivebu iko huko tu. Upande wa kushoto, kwenye chaneli ya Normal, hakukuwa na alama hata moja. Matundu yake mawili yalikuwa yamejaa vumbi. Kila aliyepita kwenye amplifaya ile alichomeka jeki kulia, akafuata rangi, akaanza kupiga. Kijana mgeni akithubutu kugusa trebo, mwalimu wa kwaya alikuwa anamwambia, "Rudisha palipo na rangi."

Alama zile hazikuwa za kubahatisha. Kanisa letu lina paa la bati lisilo na dari, kuta tupu, sakafu ya saruji. Besi ikizidi mle ndani inazunguka tu na kuvuruga maneno ya waimbaji. Mbele yako kuna sauti ya kwanza mpaka ya nne zinazoimba kwa nguvu zote, pembeni kinanda, na masika yakipamba moto bati linapiga ngoma yake lenyewe. Gitaa lisipokuwa kali halisikiki. Mzee wa watu alitafuta sauti ya kupenya mle, akaipata, akaiwekea alama ili vijana wasiihangaikie kila Jumapili. Kazi safi.

Ila mimi nilianza kupiga Ijumaa jioni kwenye mgahawa wa hoteli moja ndogo hapa mjini, nikiwa na mwenzangu wa besi na dada mmoja mwimbaji. Wateja wa hoteli hizi wengi ni watu waliotoka mlimani siku hiyo hiyo. Wamechoka, magoti yanawauma, wanataka supu, bia na kusimuliana habari za kileleni. Hawakuja kutusikiliza sisi. Kabla hata wimbo wa pili haujaisha, mhudumu alikuja akaniinamia: "Kaka, meneja anaomba mpunguze kidogo." Nikapunguza. Akarudi. Nikapunguza tena, volyumu ikawa karibu na 2, na hapo gitaa likageuka kopo. Sauti nyembamba, kali, haina mwili. Dada akanitazama kama vile nimelegeza nyuzi makusudi.

Wapiga gitaa wengi hapo huwa tunakimbilia dukani. Mimi pia nilishaanza kuulizia bei za pedali za kubadili sauti ya gitaa Arusha, na kuna jamaa wa Kariakoo alinitumia picha za ekolaiza ya mguu. Bei zake aisee, unaweza kununua mbuzi wa sikukuu na chenji ikabaki. Nikaahirisha, na kilichonizuia ni mfuko, wala si hekima yoyote.

Siku moja nyumbani, katikati ya mazoezi ya sauti ya chini ili nisimwamshe mtoto, nilifuta vumbi kwenye yale matundu ya kushoto nikachomeka huko. Volyumu 2, ile ile iliyonitesa hotelini. Sauti ikatoka nene, laini, imetulia, kama gitaa jingine kabisa. Nikachomoa, nikarudisha kulia: kopo. Nikarudisha kushoto: mwili. Nikafanya hivyo mara nyingi mpaka mke wangu akauliza kama waya umekatika.

Maelezo nilikuja kuyapata baadaye kwa kusoma mchoro wa umeme wa amplifaya hizi, ambao siku hizi unapatikana kirahisi. Kwenye chaneli ya Vibrato, waliounda mashine hii waliweka kapasita ndogo sana, pikofaradi 47, kwenye kifundo cha volyumu. Kazi yake ni kuzipa sauti za juu njia ya mkato. Ukishusha volyumu, sauti za chini na za kati zinabanwa, lakini zile za juu zinapita pembeni kupitia hiyo kapasita. Kadiri unavyopunguza ndivyo ukali unavyozidi kuonekana. Kadiri unavyopandisha, ile njia ya mkato inapoteza maana, na ukifika juu kabisa haina athari tena. Chaneli ya Normal haina hiyo kapasita. Ukiipunguza, inapungua yote kwa pamoja.

Juu ya hapo kuna sikio lenyewe. Mwaka 1933 watafiti wawili wa maabara za Bell, Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walipima jinsi mtu anavyosikia sauti nene na nyembamba kwa viwango tofauti vya ukubwa. Walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi kwanza. Ndiyo maana redio ukiipunguza sana unaona kama besi imekimbia. Kwa hiyo pale hotelini nilikuwa nimebanwa pande mbili: amplifaya inanipa ukali zaidi, na masikio ya kila mtu mle ndani yananyang'anywa besi. Alama za 7 na 3 zilizofaa kanisani kwa sauti kubwa zilikuwa kinyume kabisa cha nilichohitaji. Upande wa kushoto niliweka trebo 4 na besi 5, nikapiga Ijumaa nzima bila mhudumu kuniinamia. Rivebu sikuwa nayo, lakini mgahawa wenye sakafu ya vigae una mwangwi wake wa kutosha.

Baada ya hapo nikawa sina adabu na ile paneli. Niligeuza kila kitu.

Tundu la pili la kila chaneli, kwa mfano. Nilidhani ni la mpiga gitaa wa pili, na kweli linaweza kutumika hivyo. Lakini ukichomeka gitaa lako peke yake kwenye tundu namba 2, umeme wa gitaa unaoingia unakatwa karibu nusu, na mzigo unaowekwa kwenye pikapu za gitaa (vile visumaku vinavyonasa mtetemo wa nyuzi) unaongezeka, kwa hiyo sauti za juu zinapoa kidogo. Kwa gitaa langu lenye pikapu nyembamba tofauti ni ndogo. Ila mwenzangu mmoja wa Arusha, wa Ngarenaro, ana gitaa lenye pikapu nene za koili mbili ambalo kwenye amplifaya hii lilikuwa linakwaruza mapema mno. Tulipolihamishia namba 2 likasafika, akacheka peke yake. Huyo huyo alinishauri niunganishe chaneli mbili kwa waya mfupi, kama wanavyofanya watu wenye amplifaya za Marshall za zamani. Tulijaribu, sauti ikawa hafifu kuliko chaneli moja. Sababu ni kwamba sauti ya chaneli ya Vibrato inapita hatua moja zaidi ya kukuzwa kuliko ya Normal, na kila hatua ya aina hiyo inaigeuza juu chini. Mwishoni mawimbi mawili yanakutana yakiwa kinyume, yanauana. Kwa Marshall inafaa, kwa hii haifai.

Vifundo vya trebo na besi navyo vina siri yake, hasa kwa sisi tunaopiga nyimbo za dansi. Haviongezi kitu. Vinapunguza tu, kwa viwango tofauti, na 10 maana yake ni kwamba umepunguza kidogo kuliko vyote. Mfumo wenyewe tangu mwanzo unachota sehemu ya sauti za kati, na Deluxe Reverb haina kifundo cha sauti za kati cha kukusaidia. Sasa ukishusha trebo mpaka 2 na besi mpaka 2, kisha ukapandisha volyumu kufidia, kinachobaki mbele ni zile za kati. Nilipofanya hivyo kwenye chaneli ya kushoto, volyumu ikiwa 5, nikapiga rizimu ya nyuzi tatu za juu kwa kubana mkono, nilishtuka. Gitaa lilikaa katikati ya wimbo, halimgombanii mwimbaji juu wala halimkanyagi besi chini.

Hapa Kaskazini historia ya gitaa la aina hiyo tunayo. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walipitia Arusha na bendi ya Arusha Jazz kabla ya kuvuka mpaka na kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Ukisikiliza rekodi zao unasikia magitaa yakipokezana: moja linaimba juu, jingine linajibu, la tatu linashika rizimu, na besi inatembea chini. Yote ni safi, hayana mkwaruzo, na hakuna linalomfunika mwenzake kwa sababu kila moja lina eneo lake la sauti. Zamani nilifikiri hiyo ni kazi ya mikono tu. Mikono ipo, sibishi, lakini ukiweka trebo 7 kwenye magitaa yote matatu, hata wawe mabingwa gani, watagombana.

Kuna jambo jingine ambalo sikulisoma popote, nilisimuliwa na masikio yangu. Amplifaya ilikuwa inakaa sakafuni, mimi nasimama karibu yake. Siku moja hotelini walikuwa wamepiga deki na maji hayajakauka, nikaiweka juu ya kreti la soda na kuiegemeza ukutani kidogo, uso ukitazama juu. Nilipopiga noti ya kwanza nilirudi nyuma. Ilikuwa kali ajabu! Sikuwa nimegusa kifundo chochote. Spika ya inchi 12 inarusha sauti za juu mbele moja kwa moja, kama tochi, huku za chini zikisambaa kila upande. Ikiwa sakafuni, ukali wote unapita kwenye magoti yangu unakwenda kwa watu waliokaa mezani, na mimi niliyesimama juu nabaki na sauti laini, nadhani trebo haitoshi. Yule dada mwimbaji, ambaye huwa anakaa kwenye kiti wakati wa solo, alisema kwa utulivu: "Ndiyo sauti ninayoisikia mimi siku zote." Tangu hapo inapanda kwenye kreti popote tunapokwenda. Pia ikitoka sakafuni besi inapungua kidogo, maana sakafu huwa inaisaidia, na ikisukumwa kwenye kona ya ukuta besi inaongezeka. Mgongo wa amplifaya hii uko wazi, sauti inatoka nyuma pia. Ukuta ulio karibu ni sehemu ya mashine.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni vile vifundo viwili vya mwisho kulia, Speed na Intensity. Tangu niifahamu amplifaya hii havijawahi kufanya chochote. Kwaya nzima ilijua vimekufa. Nilimpelekea fundi redio mmoja mzee kule Majengo, mtu wa enzi za redio za valvu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Imeharibika nini leo?"

"Haijaharibika. Hivi viwili tu, havijawahi kufanya kazi."

Akaigeuza, akainama kuangalia matundu ya nyuma. "Swichi yake ya mguu iko wapi?"

"Sijawahi kuiona, baba. Labda wazungu waliondoka nayo."

Hakufungua hata skrubu moja. Alivuta boksi chini ya meza, akatoa waya wa deki ya DVD, ule wenye ncha nyekundu, nyeupe na njano, akakata ncha nyeupe. Akamenya mkia wake, akaunganisha waya wa katikati na ule wa nje kwa tone la risasi, akapuliza ipoe. Akachomeka kile kijincha kwenye tundu lililoandikwa Vibrato. "Usikosee ukaweka hapa jirani," akasema. "Hapa ni rivebu, ukiunganisha hapa unaizima. Hapa unaiwasha." Akaniambia niwashe, nisubiri valvu zipate moto, nipige kodi moja (noti kadhaa kwa pamoja) niiache.

Kodi ikaanza kupumua. Inapanda, inashuka, inapanda, inashuka. Nikazungusha Speed, ikaharakisha. Nikazungusha Intensity, mawimbi yakawa marefu. Mzunguko wa tremolo (huko kupanda na kushuka kwa sauti, ambako Fender wamekuandika Vibrato) katika mashine hizi hauanzi mpaka swichi ya mguu iunganishe ile ncha na chasi, yaani fremu ya chuma. Bila swichi, au bila kitu cha kuidanganya, unakaa kimya miaka na miaka. Ndani kuna kitaa kidogo cha neon kinachowaka na kuzima, kimefungwa gizani pamoja na rezista (kizuizi cha umeme) inayobadilika kwa mwanga. Kikiwaka sauti inashuka, kikizima inapanda. Ukisikiliza kwa makini bila kupiga, Intensity ikiwa juu, unasikia kwa mbali tik, tik, tik. Fundi alisema hiyo inatokana na jinsi nyaya zilivyopita ndani, inaweza kupunguzwa, lakini si leo. Alinitoza hela ya soda.

Nilimwuliza kama naweza kufungua mwenyewe nisafishe kile kifundo kigumu cha kushoto. Akakunja uso. Amplifaya ya valvu ina zaidi ya volti 400 ndani, na kapasita zake kubwa zinaweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya kuzima na kuchomoa kwenye soketi. "Hii si redio ya betri, mangi," akasema. "Kufungua niachie mimi." Jingine alilosisitiza ni kutowasha kamwe bila spika kuunganishwa, maana transfoma ya kutoa sauti inaweza kuungua. Kwa hayo mawili sina ubishi.

Umeme nao una sauti yake. Mashine hii ilitengenezwa kwa volti 120 na hezi 60 za Marekani. Hapa tuna 230 na hezi 50, kwa hiyo inakaa na transfoma ya kushushia, na hata hivyo transfoma yake ya ndani inapata joto zaidi kwa sababu ya hizo hezi chache. Naiachia nafasi nyuma, siifuniki kitambaa. Kuna jioni umeme wa mtaani unalegea, taa zinafifia kidogo, na gitaa linakuwa laini, linakwaruza mapema, noti zinabonyea kabla ya kuinuka. Eddie Van Halen alikuwa anashusha umeme wa amplifaya yake makusudi kwa kifaa kinachoitwa Variac ili apate hali inayofanana na hiyo. Sisi tunapewa bure bila kuomba. Naipenda sauti hiyo kuliko ninavyopenda kukubali, lakini umeme unaolegea saa moja huwa unarudi kwa kishindo saa mbili, na transfoma ya Fender siwezi kuipata Moshi. Nimenunua stabilaiza.

Kanisani bado naalikwa sikukuu kubwa, na nikifika na amplifaya naanzia kwenye alama nyekundu, kwa sababu kwa jengo lile ni sahihi isipokuwa trebo, ambayo kwenye kreti naishusha hadi 5. Tremolo mwalimu wa kwaya ameniruhusu kwenye nyimbo za taratibu tu. Anasema kwenye za haraka inawachanganya sauti ya nne. Tumebishana, akashinda.

Sasa nasubiri valvu moja. Tundu la kwanza ndani ya mashine, linalohudumia chaneli ya Normal pekee, lina 12AX7, ambayo ukuzaji wake ni kama mara 100. Inaweza kubadilishwa na 12AY7, ambayo ni chini ya nusu ya hapo, na kifundo cha volyumu kikapata nafasi kubwa zaidi ya kucheza kabla ya mkwaruzo kuanza. Binamu yangu anarudi kutoka Ujerumani Desemba, nimemwagiza moja. Fundi amesema nikimletea ataiweka yeye, ila ile 12AX7 nisiitupe.